Kabureta kubwa si dawa ya gari la mzigo lililochoka

KILA msimu wa mavuno unapokaribia, gereji za miji midogo ya Nyanda za Juu Kusini hujaa pikapu kuukuu zinazoandaliwa kwa kazi. Miongoni mwake zimo Toyota Land Cruiser za petroli, zile ambazo boneti ikifunguliwa huonekana injini ndefu ya chuma yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na kabureta moja imekaa ubavuni, katikati. Malalamiko ya wenye magari hayo hufanana. Gari halivuti, linakunywa mafuta, na likifika mlimani na magunia ya viazi dereva hulazimika kurudi hadi gia ya kwanza.

Ushauri unaotolewa vijiweni nao hufanana: ng'oa kabureta ya zamani, funga kubwa. Katika maduka ya spea zipo kabureta zinazosifiwa kuwa ni za mbio, zenye matundu mapana na rangi ya kung'aa, na mwenye gari huahidiwa kwamba injini itaamka kama mpya. Mkulima aliyekwisha kuuza sehemu ya mazao yake hutoa fedha ambayo pengine ilikuwa ya mbolea, akaiweka kwenye kabureta. Mara nyingi gari hurudi barabarani likiwa na mngurumo zaidi, mafuta yanakwisha haraka zaidi, na mlima unabaki ule ule.

Lawama haiziendei kabureta hizo. Nyingi ni bidhaa nzuri kwa kazi zilizotengenezewa. Kosa liko katika kununua kabla ya kupima, na katika kuamini kwamba tundu kubwa ndiyo nguvu. Kwa gari la mzigo la silinda sita, kabureta inayofaa ni ile inayolingana na kazi ya gari, na mara nyingi hiyo ni ile ile lililotoka nayo kiwandani, ikiwa imefanyiwa matengenezo ya haki.

Injini ya kuvuta, si ya kukimbia

Ili kuielewa hoja hiyo, inafaa kwanza kuitazama injini yenyewe. Land Cruiser nyingi za zamani za petroli zilikuja na injini za familia ya F. Ile ya 2F, iliyoanza mwaka 1975, ina ujazo wa lita 4.2. Iliyofuata, 3F, iliyoingia katikati ya miaka ya 1980, ina lita 4.0. Zipo pia Land Rover 109 za silinda sita za lita 2.6, ambazo matatizo yake hayatofautiani sana na ya hizo.

Injini ya 2F hutoa nguvu zake zote za farasi inapofika mizunguko kama 3,600 kwa dakika. Lakini nguvu yake ya kuvuta, ile inayolikwamua gari kwenye tope na kulipandisha mlima, hufika kileleni mapema zaidi, kwenye mizunguko kama 1,800. Maana yake ni kwamba injini hii ilitengenezwa ifanye kazi taratibu na kwa uvumilivu, kama ng'ombe wa jembe. Dereva wa pikapu ya mzigo hutumia sehemu kubwa ya siku kati ya mizunguko 1,500 na 2,500. Kabureta ya mbio hutengenezwa kwa ajili ya mizunguko 5,000 na zaidi, mahali ambapo injini hii haifiki kabisa.

Huenda sifa za silinda sita na mbio zimeingia vichwani mwa wengi kutokana na Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na kurudia mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Lakini ile ilikuwa gari nyepesi yenye injini ya lita 2.4 inayopenda mizunguko mingi. Haikubeba tani ya viazi kutoka bondeni. Kulifungia gari la mzigo vifaa vya gari la mashindano ni sawa na kumvalisha mchukuzi wa sokoni viatu vya mwanariadha na kutarajia abebe magunia mawili badala ya moja.

Hesabu ya hewa

Kiasi cha hewa ambacho injini inahitaji si siri ya mafundi. Mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kukipata. Injini ya aina hii huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Hivyo basi, ujazo wa lita 4.23 ukizidishwa kwa mizunguko 3,600 na kugawanywa kwa mbili, jibu ni lita 7,614 kwa dakika. Kwa kuwa silinda za injini ya zamani hazijai kabisa, inatosha kuchukua robo tatu, yaani lita 5,710 hivi.

Kabureta za Marekani huandikwa uwezo wake kwa futi za ujazo kwa dakika, kipimo kinachofupishwa CFM, na futi moja ya ujazo ni lita 28.3. Lita 5,710 ni sawa na CFM 202. Hicho ndicho kiasi kikubwa kabisa ambacho injini ya 2F itaomba, ikiwa imekanyagwa mpaka chini na imefika mwisho wa nguvu zake. Kwenye mizunguko 2,000, ambako ndiko kazi ya kila siku ilipo, haiombi zaidi ya CFM 120 hivi.

Sasa mwenye gari akiletewa Holley ya matundu manne ya CFM 390, anapewa karibu mara mbili ya mahitaji ya juu kabisa ya injini yake. Ile ya CFM 600 ni karibu mara tatu. Aidha, namba hizo zina mtego. Kabureta za matundu mawili hupimwa kwa mvuto mkubwa zaidi kuliko za matundu manne, kwa hiyo zenyewe huonekana kubwa kwenye boksi kuliko zilivyo. Holley ya matundu mawili ya CFM 350, ikipimwa kwa kipimo cha matundu manne, inashuka hadi CFM 247 hivi. Anayelinganisha maboksi mawili dukani bila kujua hilo analinganisha debe na pishi.

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani kuwa na kabureta kubwa kuliko mahitaji, mradi injini ichukue inachotaka? Ubaya upo, nao uko kwenye koo la kabureta. Hewa inapopita kwenye koo jembamba huongeza kasi, na presha yake hushuka. Kushuka huko ndiko kunakoivuta petroli kutoka kwenye jeti na kuipasua kuwa ukungu. Koo likiwa pana kupita kiasi, hewa hupita polepole, mvuto hupungua, na petroli hutoka kwa matone badala ya ukungu.

Katika injini ya silinda sita yenye kabureta moja jambo hilo ni zito zaidi. Silinda ya kwanza na ya sita ziko mbali na kabureta, na mchanganyiko husafiri njia ndefu ndani ya manifodi kuzifikia. Ukungu hufika. Matone hutua njiani, yakawa dimbwi. Matokeo yake dereva akikanyaga mafuta gari husita kwanza, kisha linaruka. Silinda nyingine hupata petroli nyingi na nyingine kidogo. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu, na ringi zinaliwa kabla ya wakati wake.

Mlima hula nguvu ya kila kabureta

Jambo jingine linalosahauliwa ni mwinuko wa mahali gari linapofanyia kazi. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hakuna kabureta ya kawaida, iwe ndogo au kubwa, inayoweza kuirudisha hewa ambayo haipo.

Kinachowezekana ni kurekebisha petroli ilingane na hewa hiyo. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani ikipandishwa Mbeya hutoa petroli nyingi kuliko inavyotakiwa, kwa sababu haitambui kwamba hewa imepungua uzito. Moshi huwa mweusi, plagi huvaa masizi, na mafuta yanakwisha. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi kidogo, kitu cha gharama ndogo sana kikilinganishwa na kabureta nzima. Mtu anayefunga kabureta kubwa ili kupambana na mlima anaongeza petroli pale ilipokwisha kuzidi.

Pima kwanza, nunua baadaye

Kabla ya senti moja kutoka mfukoni, yapo mambo ambayo mwenye gari anapaswa kumtaka fundi wake ayahakikishe, na mengi hayahitaji spea yoyote.

La kwanza ni rahisi hata kushangaza. Mtu mmoja akae kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa, akanyage pedeli ya mafuta mpaka chini. Wa pili aondoe kifuniko cha hewa na kuchungulia kama kile kibati cha ndani ya kabureta kinafunguka wima kabisa. Kwenye magari ya miaka mingi, vyuma na maungio ya pedeli huchakaa, na kapeti nene nalo huzuia. Dereva hudhani anakanyaga yote kumbe anapata nusu au robo tatu.

La pili ni moto wa plagi. Plati zilizoungua, koili iliyochoka, waya za plagi zilizopasuka na taimingi iliyopotea huleta dalili zile zile zinazolaumiwa kwenye kabureta. Mpangilio wa kuwaka kwa 2F ni 1-5-3-6-2-4, na waya mbili zikibadilishana mahali gari bado linaweza kuwaka na kutembea, ila kwa shida.

La tatu ni vali. Nafasi ya vali za 2F, injini ikiwa ya moto, ni milimita 0.20 kwa za kuingiza hewa na 0.35 kwa za kutoa moshi. Zikibana sana hazifungi vizuri na huungua. Kipimo cha nguvu ya kila silinda kifuate hapo hapo. Silinda moja ikiwa dhaifu kuliko wenzake kwa tofauti kubwa, tatizo liko kwenye vali, gasketi au ringi, na hakuna kabureta duniani itakayolitibu.

La nne ni hewa ya wizi. Gasketi ya manifodi kwenye injini hizi huhudumia njia za kuingiza hewa na za eksozi kwa pamoja, nayo huachia kwa joto. Mpira wa sevo ya breki nao hupasuka. Fundi akinyunyiza maji kidogo kwenye maungio wakati injini iko sailensa, na mlio ukabadilika, mahali panapovuja pamepatikana. Wapo wanaonyunyiza petroli kufanya jaribio hilo. Hiyo ni hatari ya moto na iachwe kabisa.

La tano ni petroli yenyewe. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa uliwatesa wenye magari nchini kiasi cha Ewura kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili biashara hiyo ikose faida. Gari linalogonga na kukosa nguvu ghafla baada ya kujaza mafuta mahali papya halina tatizo la kabureta. Filta ya petroli na tenki lenye kutu navyo vikaguliwe.

Baada ya hayo ndipo ije geji ya vakyumu, chombo kidogo ambacho kila gereji inayojiheshimu inapaswa kuwa nacho. Injini nzima ikiwa sailensa, pwani, husoma kati ya inchi 17 na 21 bila kuchezacheza. Kwa kila mita 300 za kupanda hupungua inchi moja hivi, kwa hiyo Mbeya 12 hadi 15 ni afya njema, wala fundi asimtishe mtu kwa namba hiyo.

Geji hiyo hiyo ndiyo hakimu wa swali la kabureta. Mpira wake urefushwe hadi ndani ya kabini, gari lipakiwe mzigo wake wa kawaida, kisha lipande mlima mrefu kwa gia ya tatu, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Msaidizi asome. Mshale ukianguka karibu na sifuri, kabureta inapitisha hewa yote ambayo injini inataka, na kufunga kubwa zaidi ni kutupa fedha. Mshale ukibaki juu ya inchi mbili wakati kibati kimefunguka kabisa, hapo ndipo pana ushahidi kwamba kabureta inabana. Jaribio hili huchukua nusu saa. Ni ajabu kwamba watu hutumia fedha ya msimu mzima bila kulifanya.

Lini kubadilisha, na kuchagua ipi

Hata hivyo, ziko kabureta za zamani zilizokwisha kabisa, na wanaosema hivyo hawakosei. Shafti ya kile kibati ikilegea kwenye matundu yake, hewa huingia kando na sailensa haitulii tena hata fundi afanye nini. Mwili wa kabureta uliopinda kwa joto hauzibi hata kwa gasketi mpya. Katika hali hiyo mwenye gari ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuifufua kabureta ya asili, ambayo kwa Land Cruiser hizi kwa kawaida ni Aisan ya matundu mawili. Shafti huvishwa bushi mpya na mtu wa leizi, kisha hufungwa ripea kiti kamili, boya likapangwa kwa kipimo chake. Ubora wa kabureta hii ni kwamba matundu yake hufunguka kwa zamu. Tundu dogo hufanya kazi ya kawaida, na la pili huamka pale tu injini inapohitaji zaidi. Ni mpangilio wa mtu anayehesabu lita. Hii ndiyo njia ya kujaribiwa kwanza.

Njia ya pili ni kununua nakala mpya ya kabureta ya asili. Zipo nyingi sokoni, na bei zake huvutia. Lakini ubora wake haulingani, hata ndani ya maboksi yanayofanana. Mnunuzi afungue boksi dukani, achezeshe shafti kuona kama imelegea, aangalie kama nyuso za maungio zimenyooka, na akubaliane na muuzaji kuhusu kuirudisha ikivuja. Ile ya zamani isiuzwe chuma chakavu, kwani jeti zake huenda zikahitajika kwenye mpya.

Njia ya tatu ni kabureta ya aina nyingine, na hapa Weber ndizo zinazotajwa zaidi. Weber 32/36 ina matundu yanayofunguka kwa zamu, na inafaa kwa anayejali mafuta kuliko kasi. Ikumbukwe tu kwamba ilizoeleka kwenye magari ya silinda nne ya lita 2, kwa hiyo jeti za kwenye boksi huenda zisifae injini ya lita 4.2. Weber 38 ilitumika kiwandani kwenye Ford Capri ya silinda sita ya lita 3.0, kwa hiyo ukubwa wake unaielekea zaidi kazi hii, ila matundu yake mawili hufunguka kwa pamoja. Mguu mzito juu ya kabureta hiyo hulipwa kituo cha mafuta. Ile Holley ya matundu mawili ya CFM 350 nayo kwa hesabu haiko mbali na mahitaji, lakini nayo hufungua yote kwa pamoja. Za matundu manne ziachiwe wenye magari ya mashindano.

Anayechagua njia hii ya tatu ajue kwamba bei ya boksi si bei ya kazi. Atahitaji kipande cha kuunganishia kabureta na manifodi, mpangilio mpya wa waya wa mafuta, jeti za kubadilisha, na pengine kifaa cha kupunguza presha ya petroli, kwa sababu Weber hizi hupenda presha ndogo, kama psi 3, na pampu ya asili inaweza kuzidisha hapo. Presha ikizidi, sindano ya boya haizibi na petroli hufurika. Kwenye injini za F, chini ya kabureta ndipo lilipo eksozi la moto. Gari likiungua barabarani huondoka na mzigo, na pengine na mtu.

Vumbi halisamehe

Kuna kipengele kimoja ambacho peke yake kingetosha kumfanya mkulima asite. Kabureta nyingi za mbio huuzwa na kichujio kidogo cha wazi, kizuri kwa macho, kinachokaa juu yake moja kwa moja. Kichujio hicho hutoshea barabara za lami za nchi nyingine. Kwenye barabara ya vumbi la kiangazi kutoka shambani, nyuma ya lori, hakifai kitu. Vumbi laini ni msasa. Likiingia silindani husaga ringi na kuta zake, na injini iliyodumu miaka 40 inaweza kumalizika kwa misimu michache.

Ea klina ya asili, ile kubwa kama sufuria, haikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Kabureta yoyote itakayochaguliwa ni lazima iunganishwe nayo, maungio yote yakiwa yameziba. Fundi anayesema haiwezekani kuunganisha amekwisha kutoa jibu: kabureta hiyo haifai gari hilo.

Lita ndizo zinazosema

Mwisho wa yote, biashara ni hesabu. Chukua mfano wa pikapu inayotembea kilomita 200 kwa safari moja ya soko, kwenda na kurudi. Ikitumia lita moja kwa kilomita tano, safari inakula lita 40. Ikishuka hadi kilomita nne kwa lita, inakula 50. Tofauti ya kilomita moja tu imemeza lita kumi. Kwa safari mbili kwa wiki, katika msimu wa wiki 12, ni lita 240. Kila mmoja azidishe kwa bei ya kituo chake, kisha ailinganishe na faida ya gunia moja.

Hesabu hiyo hufanya kazi pande zote mbili. Kabureta kubwa isiyofaa inaweza kumnyang'anya mtu lita hizo, na ile ya zamani iliyorekebishwa, kwa jeti zinazolingana na mwinuko, inaweza kumrudishia. Ndiyo maana inafaa kila mwenye gari aandike kwenye daftari kilomita na lita za wiki mbili kabla ya matengenezo na wiki mbili baada yake. Bila daftari, sifa ya kabureta ni maneno ya kijiweni.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuachana na petroli na kufunga injini ya dizeli. Kwa anayebeba mzigo kila siku ya mwaka, hoja hiyo ina uzito. Lakini gharama yake ni kubwa, inagusa gia boksi, mihimili ya kushikilia injini na namba ya injini iliyomo kwenye kadi ya gari, na injini ya mtumba nayo ni bahati nasibu. Kwa mkulima ambaye pikapu yake hufanya kazi kwa misimu, kuitunza silinda sita aliyonayo bado ni uamuzi wa busara.

Mafundi nao wana wajibu katika hili. Kuuza kabureta mpya kuna faida ya haraka kuliko kushinda nusu siku ukipanga vali na kutafuta hewa ya wizi. Lakini fundi anayeanza na kupima, akamwonyesha mteja mshale wa geji, atakuwa na mteja huyo msimu ujao na ujao wake. Mteja naye akubali kulipia muda wa kupima kama anavyolipia spea. Anayekataa kulipa nusu saa ya ukaguzi hujikuta akilipia kabureta asiyoihitaji, na fedha ya mbolea ikiisha gereji, shamba halitangoja.